Redio Mpya, Ng'ombe Kiwanjani

Nilipoinua macho kutoka kwenye kioo kipya cha ramani cha ndege yangu, kiwanja cha Garsen kilikuwa kimejaa ng'ombe. Si wawili watatu waliopotea njia. Lilikuwa kundi zima, weupe kwa wekundu, wengine wamelala, wengine wamesimama wakicheua, katikati kabisa ya mahali ambapo magurudumu yangu yalikuwa yanakwenda kugusa. Nilikuwa nimeshavuka miti ya mwisho ya mathenge, injini nimeshaipunguza, na ndege imeshakubali kushuka. Nikasukuma nguvu zote mbele, nikamtaja Mungu, na ndege ikapanda kwa kinyongo, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Niliona pembe. Niliona ndama mmoja akigeuza shingo kunitazama nikipita juu yake. Mpaka leo nikifumba macho namwona ndama yule.

Nikazunguka juu ya Minjila, mji wa jirani. Chini yangu mto ulikuwa umevunja kingo zake, mashamba yamezama na migomba imebaki vichwa tu, na kiwanja, kwa kuwa kimeinuka kidogo, ndicho kilichosalia kikavu. Ng'ombe si wajinga, wanajua pa kulala. Lakini mafuriko si mageni kwetu, na katika miaka yote niliyotua Garsen sikuwahi kukuta hata mbuzi kiwanjani.

Marubani wenzangu walilia kila siku kuhusu mifugo ya Garsen. Wao hupita chini chini mara moja kuwafukuza, kisha huzunguka na kurudi kutua. Mimi niliwacheka. Nilisema kupita mara mbili ni kuchoma mafuta bure, na kwamba ng'ombe wa Garsen wananiheshimu. Nilipokuwa nimekula nikashiba nilisema hata kwamba ni baraka za wazee wangu. Sasa nilikuwa juu ya Minjila, jasho linanitoka, na baraka sizioni.

Inafaa nieleze ndege hiyo ni ya namna gani, na kwa nini nilikuwa natazama kioo badala ya kutazama dunia.

Mimi ni mtu wa Kipini. Nilirusha ndege za watu mpaka nikastaafu, kisha kiinua mgongo changu chote nikakinunulia ndege, jambo ambalo jamaa zangu hawajanisamehe, maana wanajua kiinua mgongo hujengewa nyumba. Ni ndege kuukuu ya injini moja na viti vinne, iliyotengenezwa zamani hata kabla sijaoa. Tangu hapo naishi Malindi, na kazi yangu ni delta ya Tana: chanjo za mifugo, vipuri vya pampu za maji, mwalimu aliyekwama, lolote ambalo mafuriko yamelizuia barabarani. Garsen ndiko ninakotua zaidi.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mke wangu amezikwa Kipini, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Kila nilipokwenda Garsen peke yangu sikukata moja kwa moja. Nilipinda nikapitia juu ya Kipini. Nikifika juu yake namtolea salamu, kama afanyavyo yeyote apitaye makaburini, kisha naanza kuzungumza naye. Namweleza nani kaoa, nani kafa, goti langu linavyonisumbua, wali wangu wa nazi unavyoungua kila Ijumaa. Naendelea hivyo nikiufuata mto, napita Kilelengwani, napita mashamba ya mpunga, mpaka nione kiwanja. Sijarukwa na akili. Nyumbani nilijaribu nikashindwa, kwa sababu nyumbani kuna kiti chake na hakuna mtu aliyekikalia. Angani maneno yalitoka yenyewe. Kwa hiyo nilipoambiwa ndege iuzwe, nilisikia naambiwa nikamzike mara ya pili.

Aliyeniambia hivyo ni binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Yeye hapandi ndege. Hata ngazi ndefu anaziogopa. Siku moja alinifuata uwanjani Malindi kuniletea chakula, akachungulia ndani akaona dashibodi. Geji moja ilikuwa na maji ndani ya kioo chake. Redio ilikuwa imebanwa isichomoke kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Dira ilikuwa imevuja nusu ya maji yake. Hakupiga kelele, binti yangu akikasirika sauti inashuka. Akasema ama nibadilishe vyombo vile vyote ama niuze ndege. Tena akaongeza kwamba hata nikishabadilisha, siku nitakayopata mkasa wowote, mkubwa au mdogo, ndege inauzwa bila mjadala. Nikaapa mbele yake, chakula mkononi.

Fundi wa vyombo vya ndege niliyempata yuko Nairobi, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na leseni nyingi zilizotundikwa ukutani hata kalenda haina nafasi. Mimi nilikwenda na ndoto. Nilikuwa nimeona picha za dashibodi za kisasa, vioo vitupu kuanzia mlango hadi mlango, na mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe huku rubani anakunywa chai. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nina mfuko wa namna gani, nikamtajia, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia kila mtu hujikuna ajipatapo. Tuanze na vitu vinavyoweza kuniua, alisema, vya kupendeza vitafuata nikitajirika.

Vinavyoweza kuniua vilikuwa nyaya, redio, na kile kisanduku kinachoiambia rada mimi ni nani. Baada ya hapo, kikibaki chochote, angenitafutia kioo kimoja kilichokwisha tumika, cha kuonyesha ndege imelala vipi na iko wapi kwenye ramani. Kukipata hakukuwa kazi, maana matajiri hubadilisha vioo vyao kila toleo jipya likitoka, na vya zamani huteremka kwetu kama nguo za mitumba. Ili kupunguza gharama, alikubali nyaya za zamani nizing'oe mimi mwenyewe, yeye akinisimamia.

Tulipofungua dashibodi ile, nilikaa chini sakafuni. Nyuma ya geji mlikuwa na msitu. Kulikuwa na nyaya za vyombo vilivyoondolewa na wamiliki walionitangulia, zimekatwa zikaachwa zinaning'inia, nyingine zimeunganishwa kwa utepe ambao gundi yake imegeuka unga. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo humo ndani na kuhama. Na waya mmoja, mnene, wenye umeme, ulikuwa umechubuka ganda lote na umelala juu ya bomba la chuma, unalisugua kila injini inapotetemeka. Fundi aliugusa kwa ncha ya bisibisi. Nilikuwa nimewabeba watu juu ya waya ule. Nilikuwa nimebeba watoto wa shule.

Katika kung'oa tukafika kwenye usukani. Fundi akabonyeza kitufe cha kusemea redioni, akakiachia, na kitufe kikabaki ndani. Akanitazama. Nikamwambia hicho kina tabia zake, joto likizidi hukwama kidogo, halafu hurudi chenyewe. Akakichomoa akakitupa kwenye kasha la chuma chakavu. Redio yenyewe aliiunganisha na mashine zake za kupimia, akaitazama kwa muda, akasema kifaa hiki kinasema mahali pengi kuliko kinapoulizwa. Nilidhani ni mzaha wake mwingine, na siku hiyo sikuwa na moyo wa kuuliza.

Kwa hiyo safari ya kwanza baada ya matengenezo niliifanya kama bwana harusi. Nilikuwa peke yangu, na nyuma masanduku ya chanjo. Kioo kilinichorea mstari mmoja ulionyooka kutoka Malindi hadi Garsen, na nilipouacha kwenda Kipini kikaanza kunilaumu kwa maandishi ya manjano. Nikakiambia kitulie. Juu ya Kipini nikatangaza redioni nilipo, kama sheria inavyotaka, kisha nikamtolea mke wangu salamu.

Hapo kulitokea jambo dogo lililonishangaza. Nilisikia sauti za watu kwenye hedifoni. Rubani mmoja wa mbali alikuwa anauliza hali ya upepo Lamu, mwingine akimjibu. Zamani, nikishatangaza juu ya Kipini, hedifoni zilikuwa zinanyamaza kabisa mpaka karibu na Garsen, na mimi niliuchukulia ukimya ule kuwa heshima ya mahali pale. Nilikuwa naupenda. Siku hiyo, kwa kelele zile, sikuzungumza sana. Nilimweleza mke wangu habari za kioo, nikajikuta nakitazama kioo chenyewe: urefu wa kwenda juu, upepo unatoka wapi, mto umechorwa kwa rangi ya samawati ingawa maji yenyewe yalikuwa yameshahama na kuacha mchoro pale. Nikatangaza kwamba natua Garsen. Nikainua macho.

Baada ya kuzunguka Minjila, nilipokuja mara ya pili kiwanja kilikuwa wazi. Kutoka juu nilikuwa nimewaona wafugaji wakikimbia na fimbo, mikono hewani. Nikatua, nikazima injini, na kabla propela haijasimama nilikuwa nimeshafungua mlango, maneno yote nimeshayapanga. Sikupata nafasi ya kuyasema. Walinijia wao, na walikuwa wamekasirika kuliko mimi.

Aliyetangulia alikuwa mfugaji wa Kiorma, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye kwa miaka tumesalimiana na kupita. Akanielekezea fimbo.

"Leo kwa nini hukusema unakuja?"

Nikamuuliza nimwambie nani, na ni lini nimewahi kumpigia simu.

"Si simu," akasema. "Redio. Kila siku unasema, sisi tunatoa ng'ombe. Leo umenyamaza. Ulitaka kuua ndama yangu."

Nilicheka. Ni kicheko cha mtu aliyekoswa na kifo akaambiwa upuuzi. Yule mfugaji hakucheka. Alisimama wima, akakunja mkono mdomoni, akatoa sauti yangu. Ilikuwa yangu kabisa, na kile kikohozi ninachoanza nacho, na jinsi ninavyolivuta jina la Garsen, na maneno yangu yale yale ya kutangaza kwamba nimekaribia kutoka mashariki na kwamba natua. Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanaosikia wimbo wanaoujua. Kicheko kikanikauka.

Wakanieleza kwa zamu. Kwamba karibu na kiwanja kuna banda la mama muuza maziwa, na bandani kuna redio ndogo ya betri, ya kusikiliza habari na adhana. Kwamba miaka mingi iliyopita, katikati ya habari, iliingia sauti ya mtu akisema anatua Garsen, na baada ya muda mfupi nikatua. Kwamba tangu siku ile, sauti ile ikiingia, wao hutoa ng'ombe. Hakuna aliyewatuma na hakuna aliyewalipa. Waliona mtu ametangaza ugeni, na mgeni husafishiwa njia. Walidhani nafanya makusudi. Walidhani najua.

Nilimpigia fundi pale pale, nimesimama chini ya bawa. Akasema ndiyo, inawezekana sana. Redio ile ilikuwa imechakaa, mawimbi yake yanavuja na kumwagika mpaka kwenye masafa ya vituo vya kawaida, na redio ndogo za bei rahisi huyadaka. Hii mpya ni safi, haivuji.

"Mzee," akasema, "kile kitufe. Kikikwama, ulikuwa unarusha kila neno. Ulikuwa unaimba humo ndani?"

Afadhali ningekuwa naimba.

Nilikata simu bila kuaga. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilihisi nimevuliwa nguo sokoni, na si leo, ni miaka mingi, na watu wamekuwa wakinisalimia nikiwa hivyo hivyo. Ule ukimya wa Kipini niliouita heshima ulikuwa ni redio yangu imefunga masikio kwa sababu mdomo wake umekwama wazi. Kila neno nililomwambia mke wangu nililisema kiwanjani Garsen. Vile nilivyomlilia mwaka wa kwanza. Yale ya chumbani, ambayo mtu hamwambii hata daktari.

Nikawauliza wale wanaume wamesikia nini kingine. Wote wakatazama viatu vyao. Yule wa ndevu za hina, hasira yake imeshaisha, akasema polepole kwamba yale mengine wao hawayasikii. Akaonyesha bandani kwa kidevu.

"Yale ni ya mama," akasema.

Mama huyo nilimjua, au nilidhani namjua. Ni mjane wa Kiorma, umri wake na wangu haupishani sana, ambaye amenimiminia chai ya maziwa kila nilipotua. Nilikwenda nikaketi juu ya dumu lililopinduliwa, mahali pangu pa siku zote. Redio ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo, inasoma bei za mifugo. Akaizima. Akanimiminia chai.

Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuazima, kifupi, bila pambo. Siku ya kwanza aliyosikia nikizungumza na mke wangu alidhani ni mchezo wa redio, mpaka nikatangaza kwamba natua, na sauti ni ile ile. Mara ya pili wanaume walikuwa wamejaa bandani wakisubiri, wameshanunua na maziwa. Aliwatoa wote kwa fimbo ya kusukumia ndama. Wakabishana naye kwamba wasiposikia, watajuaje wakati wa kutoa ng'ombe. Ndipo walipokubaliana. Atasikiliza yeye peke yake, redio sauti chini, sikio karibu, na nikitamka kwamba natua atapandisha sauti na kugonga debe la maziwa. Wao kazi yao ni debe. Kinachosemwa kabla ya debe hakiwahusu.

"Maneno ya mtu na mke wake si ya kiwanja," akasema.

Nikaanza kukumbuka, na kila kumbukumbu ilinipiga upya. Kuna siku aliniambia, bila kumuuliza, kwamba moto wa wali upunguzwe mapema. Niliondoka nikistaajabu mwanamke wa Kiorma amepata wapi habari za wali wa nazi. Kuna siku alinipa samli kwenye chupa ya soda na kusema ni ya kuchulia goti, nami sikuwa nimechechemea mbele yake. Mwaka mmoja, siku ambayo nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba nimechoka na dunia, alikataa kuniacha niondoke mpaka nilipokula, akakaa ananitazama kila tonge. Nilimwona king'ang'anizi. Nilimnung'unikia hata angani wakati wa kurudi, na bila shaka hilo nalo alilisikia.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuniambia.

"Ningekuambia, ungenyamaza," akasema.

Alikuwa amesema kweli tupu. Akachukua kikombe changu, akakipangusa kwa ncha ya leso ingawa chai ilikuwa bado imo, akakirudisha.

"Kitu moja nilifanya, unisamehe," akasema. "Wewe ukifika juu ya Kipini, unatoa salamu. Mimi nasikia. Salamu ukisikia lazima ujibu. Huyo mama yuko kwa kaburi, na mimi ndiye nimesikia. Basi nilikuwa naitika. Kila mara naitika."

Nililia mbele yake, mtu mzima na mvi zangu, na sioni haya kulisema. Miaka yote niliamini nasema na asiyejibu, na nilikuwa nimeridhika hivyo. Kumbe kila niliposema, chini ya banda la makuti, mwanamke mmoja alikuwa anaitika kwa sauti yake, anajibu kwa niaba ya mke wangu, halafu anainua fimbo tayari kugonga debe. Na mimi, kwa kutaka vyombo vya kisasa, nilikuwa nimekata uzi ule bila kujua kwamba upo.

Njiani kurudi Malindi nilijiambia nimfiche binti yangu. Ndama hakufa, ndege haina hata mkwaruzo, na kilichotokea Garsen kingebaki Garsen. Lakini nilikuwa nimeapa. Zaidi ya kiapo, nilikuwa nimegundua kwamba mjane wa Garsen amenisikia miaka yote, na mtoto wangu mwenyewe hajanisikia. Jioni ile nikaenda kwake, nikamkuta anakuna nazi, nikamwomba aache kwanza.

Nilimweleza yote kwa mpango wake. Nilianza na ng'ombe, nikaona uso wake unafunga, nikajua hukumu inakuja. Nikaendelea tu. Nikamweleza kitufe, redio iliyovuja, ndevu za hina, debe la maziwa. Nilipofika kwa mama yake nilishindwa kumtazama, nikawa naitazama mbuzi ya kukunia nazi. Nikamwambia kwamba ndege ile ndiyo mahali pekee ninapoweza kuzungumza naye, na kwamba ikiuzwa nitaelewa, lakini ajue inauzwa nini. Nikamweleza kuhusu salamu.

Binti yangu akauliza kama yule mama wa maziwa alikuwa anaitika kimoyomoyo au kwa sauti. Nikasema kwa sauti. Akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Na sasa nani ataitika, baba?"

Habari ya kuuza hakuitaja, na mimi sikuthubutu kuichokoza. Nilirudi kwangu nikalala na nguo.

Safari iliyofuata ilikuwa ya vipuri vya pampu. Nilikuwa nakagua mafuta nikasikia mlango wa gari, na binti yangu akaja akivuka uwanja amejifunga mtandio mpaka shingoni, uso umemwiva kwa hofu. Hakuniomba ruhusa wala kunieleza. Alipanda kiti cha kulia, akafunga mkanda, akaukaza, akaukaza tena, akavaa hedifoni kinyume, nikamgeuzia. Tulipoacha ardhi alinikamata mkono kwa nguvu hata kucha zikaingia. Ufuoni kote hakufungua macho. Nilipinda kuuacha ule mstari wa kwenye kioo, kioo kikalalamika, na kwa mbali nikaona Kipini, paa zake, minazi, na maji ya kahawia ya mto yakiingia kwenye maji ya kijani.

Nilitangaza redioni nilipo. Kitufe kipya kikaingia na kutoka, safi. Baada ya hapo nilinyamaza. Nilikuwa naona aibu kama kijana anayepeleka posa. Ni jambo jingine kusema na mkeo huku mama wa bandani anakusikia na wewe hujui, na ni jambo jingine kabisa kusema naye mtoto wenu ameketi ubavuni. Makaburi yalikuwa yanakuja chini ya gurudumu la kushoto. Nikaona yatapita.

Nikatoa salamu, kwa sauti ndogo, mdomo karibu na kinasa sauti.

Akaitika. Lakini kwenye hedifoni zile mpya, zisizo na mkwaruzo, haikuwa sauti ya binti yangu. Ilikuwa ya mama yake, ile ile, kavu kidogo mwanzoni na laini mwishoni, iliyokuwa ikiniitikia mlangoni nikirudi kazini. Miaka yote nimezungumza na mtoto huyu, sokoni, kwenye simu, katika ugomvi, na sikuwahi kuisikia. Mkono wangu uliganda juu ya usukani. Sikuthubutu kugeuka, nikaogopa nikigeuka nitaona ni yeye tu.

"Endelea, baba," ikasema sauti ile. "Tunakusikiliza."